Maneno ya Kwenye Pindo

Jumamosi, 7 Oktoba

Pambo litakuwa na mji na pindo, kama kanga, na katikati wataonekana wanawake wakiokota chaza Mnazi Bay maji yakiwa yamekupwa. Amesema Sabra Nassoro leo asubuhi, hapa Msimbati, akiwa amepiga magoti barazani kwa kaka yake na kipande cha mkaa mkononi, akichora juu ya shuka jeupe. Hakuomba maoni ya mtu.

Niweke mambo sawa tangu mwanzo. Kituo kimoja cha sanaa Mtwara mjini kinataka pambo kubwa la viraka la kutundika ukumbini. Vikundi viwili vinashindana. Kitakachoshinda kitatoa mwalimu wa darasa la ushonaji, na mwalimu huyo atapewa chumba cha kuishi nyuma ya kituo. Kazi inapelekwa Jumamosi, tarehe 16 Desemba. Kila kikundi kimewekewa mtu wa nje wa kuandika kila wiki kimefikia wapi. Hiki kimewekewa mimi, Mama Upendo. Nimeripoti redioni korosho, gesi na mafuriko, na Gaudensi, msimamizi wa kituo, aliona viraka havitanishinda. Sijui kushona na sina mpango wa kujifunza.

Wanakikundi ni watatu. Sabra, fundi na kiongozi, aliachika miaka kadhaa iliyopita na anaishi hapa kwa kaka yake Ismaili. Mwajuma, mama yake Zuhura, ni mke wa Ismaili, kwa hiyo ni wifi yake Sabra. Wa tatu ni Raheli, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Tabora, aliyepanga nyumba ya jirani.

Kikishinda, chumba ni cha Sabra. Wameshakubaliana. Nilimuuliza anakitakia nini.

"Nimelala kwa baba, nikalala kwa mume, sasa nalala kwa kaka," alisema. "Sijawahi kuwa na mlango ambao ufunguo wake nimeufunga mimi kwenye kanga yangu."

Ismaili alikuwa anapita na debe. "Chumba cha nini? Hapa nani amekufukuza?"

Sabra akachora mstari mwingine.

Sabra ametoa sharti moja: kila mtu alete kanga anayoipenda, ikatwe. "Ukileta unayoichukia, tutashona tambara." Raheli amekataa. Ana kanga moja tu, ya akina mama wa kanisani kwao, na haikatwi. Ataleta mabaki ya vitenge. Sabra amenuna kidogo, kisha akasema vitenge vitafaa kwa mawe ya kwenye picha.

Jumanne, 10 Oktoba

Gaudensi amesema kwa simu kwamba ripoti zangu ziwe na kichwa, mwili na hitimisho. Nimemwambia sawa.

Jumamosi, 14 Oktoba

Kukata kumeanza, amesema Mwajuma, huku mkasi uko mkononi mwa Sabra.

Kila kanga inatoa vitu vitatu: mji wa katikati, pindo la kuzunguka, na jina, yaani yale maneno. Mji na pindo vinakuwa bahari, mchanga na mikoko. Majina ndiyo yaliyoleta mabishano. Raheli alitaka yatupwe. Mwajuma alitaka yabaki yote kama yalivyo. Sabra akaamua: yakatwe neno moja moja, yachanganywe kwenye kikapu, kisha yashonwe kuzunguka pambo lote yawe pindo lake.

"Yasiseme kitu," alisema. "Yakisema, watu watasoma maneno, hawatatazama picha."

Niliandika sentensi hiyo kwa sababu ilikuwa fupi. Sikujua nitairudia mara ngapi.

Yaliyoingia kikapuni: kanga ya Sabra yenye IDI NJEMA KARIBUNI KULA, kanga kadhaa za mtumba zilizonunuliwa sokoni kwa ajili ya rangi, mojawapo yenye HUCHOKI KUNISEMA, na ya Mwajuma, nyekundu, iliyofifia kwa kufuliwa, HONGERA WIFI. Mwajuma aliitoa sandukuni, akainyoosha kwa kiganja, akamkabidhi Sabra bila neno. Sabra aliitazama zaidi ya alivyotazama zile nyingine, kisha akaikata, naye bila neno. Nilidhani anatafuta uzi umekaaje.

Jumamosi, 21 Oktoba

Hakuna mtu. Ismaili amesema wote wako shamba wanaokota korosho. Nimepanda bodaboda kwenye mchanga wote ule kuja kuambiwa hivyo na mtu mwenye simu.

Jumatano, 25 Oktoba

Raheli amesema mtihani wa shule umeisha na sasa ana muda. Nimeandika kwenye ripoti: "Kikundi kina muda." Hiyo ilikuwa mwili na hitimisho pia.

Jumamosi, 28 Oktoba

Mji umekamilika, amesema Sabra, na safari hii ni kweli. Nimeuona umetandikwa mkekani. Wanawake watano wameinama, migongo imetoka kwenye kanga tano tofauti, na maji ni bluu za aina nyingi zilizolazwa moja juu ya nyingine hadi mtu anadhani yanasogea. Mwajuma ndiye aliyeshona maji. Mshono wake ni mdogo na umenyooka; Sabra mwenyewe amesema hakuna wa kumfikia. Alisema hivyo wakati Mwajuma yuko jikoni.

Raheli amechukua kikapu cha maneno kwenda kushona pindo nyumbani kwake, kwa cherehani. Mwajuma amebaki na mji, kwa sababu sanduku lake halina mende.

Wakati tunakunywa chai Sabra alieleza kitasa anachokitaka. Kile cha kuzungusha mara mbili.

"Utamfungia nani nje?" Mwajuma akauliza.

"Nitakufungia wewe, usije kukopa chumvi."

Wakacheka wote. Hayo ndiyo maelewano ya mwisho niliyoyashuhudia kwa muda mrefu, na sikuyaandika kwenye ripoti kwa kuwa niliona si habari.

Jumamosi, 4 Novemba

Pindo limekwisha, isipokuwa kona moja, amesema Raheli. Maneno yalimwishia kabla ya kufika kona ya chini kulia. Ameacha kiraka kitupu cha njano.

Lilitandikwa kuuzunguka mji. Sabra alizunguka upande wake, Mwajuma upande wake, wakiwa wameinama. Niliona mmoja amesimama, kisha mwingine amesimama, karibu mahali pamoja. Mwajuma akasema anaangalia maharage. Sabra akasema kichwa kinamgonga. Mji ukarudi sandukuni, pindo likabaki kwa Raheli. Tukabaki barazani mimi na Raheli na chai ya watu wanne.

"Hawajalipenda?" Raheli akaniuliza.

"Wamechoka. Ni msimu wa korosho."

Ripoti kwa Gaudensi: Maendeleo mazuri.

Jumamosi, 11 Novemba

Hakuna kazi iliyofanyika. Amesema Mwajuma, kwa sauti ya mtu anayetangaza bei.

Kinachofuata ni kuunganisha pindo na mji, kisha kuweka blanketi katikati na kitambaa cha merikani nyuma, kupiga bandi ili tabaka zote tatu zisihame, na mwisho kushona kwa mkono kote. Niliomba mji utolewe sandukuni.

"Hauna haraka," alisema Mwajuma.

"Una haraka. Tarehe kumi na sita mwezi ujao."

"Basi mwenye haraka aje auchukue."

Sabra yumo chumbani, mlango umerudishwa. Nilibisha. Akasema yu mzima, ahsante, na watoto wangu hawajambo? Nikasema hawajambo. Akasema salimia. Mazungumzo yakaisha, yote yakiwa yamepitia kwenye ubao wa mlango.

Raheli anadhani ni vipimo vya pindo. Amelifumua upande mmoja na kulishona upya. Halikuwa na kasoro.

Jumamosi, 18 Novemba

Mwajuma leo amejifunga NYUMBA NI YANGU MANENO NI YENU. Nimeisoma mwenyewe alipogeuka kuchota maji. Sabra alitoka chumbani muda mfupi baadaye kwenda kuanika unga wa muhogo, naye amejifunga KWA NDUGU YANGU SIFUKUZWI. Walipishana uani bila kugusana, kila mmoja akageuka vya kutosha kuhakikisha mwenzake amesoma.

Ismaili alikaa nami barazani akimenya chungwa. Ndiye mtu pekee katika nyumba hii anayesema, na hajui lolote.

"Jumatatu mke wangu alivaa SINA HABARI NAO," aliniambia. "Jumanne dada yangu akajibu MTASEMA MCHANA MTALALA USIKU. Mwandishi, mimi sasa nasoma nguo za wanawake kama gazeti. Na gazeti lenyewe halisemi nani kafanya nini."

"Umemuuliza mkeo?"

"Nimemuuliza. Kasema nimuulize dada yangu. Nimemuuliza dada yangu. Kasema nimuulize mke wangu. Nikaenda shamba."

Nimewahi kusubiri msemaji wa serikali saa nyingi nje ya mlango nikapata maelezo mengi kuliko haya. Nilifikiri nimeelewa: ni Mwajuma. Nyumba ni yake, sanduku ni lake, mji umo sandukuni, na Sabra akipata chumba ataonekana mjini wakati yeye amebaki na maharage. Wivu wa kawaida. Niliandika hivyo jioni, na nimeacha sentensi hiyo isimame ili nijikumbushe.

Jumanne, 21 Novemba

Sabra amehama. Raheli amepiga simu. Amekwenda kwa binamu yake Kilambo, karibu na mto Ruvuma, na mfuko mmoja wa nguo. Hakuchukua mkasi wake.

Jumamosi, 25 Novemba

"Soma," amesema Mwajuma.

Nilikwenda bila daftari na bila salamu ndefu. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwambia: mwenzako amehama, zimebaki wiki tatu, kuna chumba kinapotea, na hakuna mtu aliyeniambia kwa nini. Sema au nimpigie Gaudensi simu kikundi kimevunjika.

Alinyanyuka akaenda kwa Raheli, akarudi na pindo limekunjwa kwapani, na Raheli nyuma yake anauliza kuna nini. Akalimwaga mkekani. Akaweka kidole upande wa chini.

"Soma, Mama Upendo. Wewe si wa redio? Soma kwa sauti."

Nilisoma. NJEMA. LEO. SUBIRA. MAMA. Maneno yasiyosema kitu, kama ilivyoagizwa. Kisha, karibu na kona, yakifuatana moja kwa moja: WIFI. HUCHOKI. KULA.

Nilikuwa nimepita mbele ya pindo hilo wiki tatu nzima. Nilipima urefu wake kwa ajili ya ripoti.

"Miaka yote nimeolewa hapa," alisema Mwajuma, "wanasema mimi nakula jasho la kaka yao. Korosho zikiuzwa, nimekula mimi. Ng'ombe akifa, nimemla mimi. Nilijua huyu Sabra ni tofauti na wenzake. Kumbe alikuwa anangoja kitambaa kikubwa, akanitundike ukumbini watu wa mjini wanisome."

"Lakini pindo nimeshona mimi," akasema Raheli.

"Umeshona. Nani alikupangia?"

"Hakuna! Nimepanga rangi. Nyekundu, njano, nyekundu." Raheli aliinama akatazama kwa muda. Alicheka kwanza, kisha hakucheka tena. "Mungu wangu. Sikusoma. Wallahi, Mama Zuhura, sikusoma."

Mwajuma alimtazama mwalimu huyu wa shule ya msingi, Mkristo anayeapa kwa Wallahi, kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili.

"Mwalimu," alisema, "hujui kusoma?"

Jumapili, 26 Novemba. Kilambo

Sabra amesema harudi, na kwamba matusi aliyoandikiwa yanatosha.

Nilidhani nimekuja kumweleza kosa lililomuudhi mwenzake. Nilianza vizuri, kwa utaratibu: maneno yalichanganywa, Raheli hakusoma, Mwajuma akaona ametukanwa.

"Mwajuma katukanwa?" Sabra aliacha kuchambua mboga. "Mwajuma?"

"Wifi huchoki kula."

"Wifi ni mimi!"

Nimewahi kukosea majina ya vijiji na mara moja jina la marehemu, lakini hili lilinikalia vibaya zaidi, kwa sababu nilikuwa nalo mbele ya macho wiki tatu. Mume wa mmoja ni kaka wa mwingine. Wanaitana neno lile lile. Neno likishonwa kwenye nguo bila mdomo wa kulisema, ni la yeyote anayelisoma.

"Nani anakula pale?" Sabra aliendelea. "Nyumba yake, jiko lake, sufuria yake. Mimi ndiye mlaji. Miaka yote sijaambiwa. Nikajiambia, huyu wifi ni mtu. Kisha siku ile analeta kanga niliyomnunulia alipojifungua Zuhura, HONGERA WIFI, ananipa mimi mwenyewe niikate kwa mkono wangu. Nikanyamaza. Nikaikata. Halafu naona neno langu mwenyewe limenigeukia. Nikajua hilo limepangwa."

"Halikupangwa. Raheli alipanga rangi."

"Mwalimu wa shule hajui kusoma?"

Safari ya kurudi ilikuwa ndefu. Ukweli ninao mzima, kutoka pande zote, na mahali pote nilipoupeleka umekataliwa.

Jumatano, 29 Novemba

Nimempigia Mwajuma kumweleza kwamba Sabra naye alidhani yeye ndiye aliyetukanwa. Amesema: "Mjanja huyo." Akakata.

Jumamosi, 2 Desemba

Mvua zimeanza. Gaudensi amesema kikundi kingine kimeshafikia kushona tabaka zote, na anauliza hali yetu. Nimemwambia mtandao ni mbaya, kwa kuwa siku hiyo ulikuwa mbaya kweli.

Nilifika Msimbati nimelowa hadi viatu. Nilikuwa nimejiandaa kuudai mji, hata kwa kugombana, kabla haujaota ukungu sandukuni. Haukuwamo sandukuni. Ulikuwa umetandazwa kwenye kitanda cha Sabra, chumbani kwa Sabra, chini ya upande wa bati usiovuja. Umeunganishwa na pindo. Blanketi limo, merikani iko nyuma, bandi zimepigwa kote, na maji ya bluu yameshashonwa kwa mshono ule mdogo ulionyooka, mstari baada ya mstari, hadi karibu na miguu ya wanawake.

"Nani amefanya hivi?"

"Nani mwingine yupo?" Mwajuma alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa. "Mimi nimegombana na mtu. Sijagombana na kitambaa."

"Na lile pindo? Umelishona na yale maneno?"

"Nifumue nitoboe kanga matundu? Itakuwa chujio."

"Kwa hiyo linabaki?"

"Linabaki. Nimeshasomwa, nisomwe vizuri."

Nilimuuliza kwa nini alileta ile kanga nyekundu. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake.

"Alisema tulete tunayoipenda."

Nimefuta kwenye ripoti sentensi ya tarehe 18. Hapa nimeiacha.

Jumanne, 5 Desemba

Barabara ya Kilambo imekatika kwa maji, amesema dereva wa bodaboda. Nimemtumia Sabra ujumbe kwa simu ya binamu yake: "Mwajuma anashona peke yake. Kanga nyekundu alileta kwa sababu ulisema walete wanayoipenda." Hakuna jibu.

Alhamisi, 7 Desemba

Hakuna jibu.

Jumamosi, 9 Desemba

Sabra amerudi. Amesema amefuata mkasi wake.

Alifika akiwa amelowa, mfuko uleule mkononi, na safari hii kanga aliyojifunga ilikuwa imegeuzwa ndani nje, jina halisomeki. Mwajuma alikuwa chumbani juu ya pambo. Alitoka. Yake nayo nilitazama: alikuwa amevaa dera, halina jina. Niliona hiyo ni dalili nzuri. Nilikosea, kwa sababu kilichofuata ni kelele.

"Mkasi wako uko pale ulipouacha!"

"Na kitanda changu umekifanya meza!"

"Kitanda chako? Ulikiacha, kikawa kitanda cha nyumba!"

"Si unaona! Nyumba! Sema basi kwa mdomo, usiniandikie!"

"Mimi nikuandikie? Mimi ndiye niliyeandikwa!"

"Wifi ni nani?"

"Wifi ni mimi!"

"Wifi ni mimi mimi!"

Ismaili alitokea nyuma ya nyumba. "Jamani," alisema, "humu ndani wifi ni wawili. Mimi ndiye niliyewafanya wawe. Kama kuna kosa, nipigeni."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema kitu kilichowanyamazisha.

"Nani amekuambia unakula kwangu?" Mwajuma akauliza, kwa sauti ya chini. "Mimi nimewahi kukuhesabia tonge?"

"Hujawahi."

"Sasa?"

"Sasa ndiyo maana iliuma." Sabra aliweka mfuko chini. "Na wewe, mimi nimewahi kusema unamla kaka yangu?"

"Dada zako wote wamesema."

"Mimi?"

"Wewe hujasema. Nikadhani ulikuwa unaweka akiba."

Waliingia chumbani. Sabra alilitazama pambo kwa muda mrefu, akapitisha kiganja kwenye maji ya bluu. Hakusifu. Alisema mstari mmoja karibu na mguu wa kushoto umelegea. Mwajuma akasema anajua, alikuwa anangoja mwenye macho. Nikatoka nje kuwapisha, nikagundua nimekaa kwenye beseni la unga.

Likabaki pindo. Sabra, ambaye kila kitu kwake ni kazi, alitaka maneno yafunikwe. Mwajuma alikataa, akisema atakayeona kiraka kipya juu ya cha zamani atajua kuna kilichofichwa, na watu wa hapa watauliza kimefichwa nini. Wakaleta mabaki ya kanga nyingine za zamani kujaribu neno la kuongeza kwenye ile kona tupu. WIFI HUCHOKI KULA LEO. Ikawa mbaya zaidi. WIFI HUCHOKI KULA MAMA. Ismaili alicheka hadi akafukuzwa. WIFI HUCHOKI KULA SUBIRA. Mwajuma alisema hiyo ni kweli lakini haifai ukumbini.

Raheli alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Tangu siku ile amekuwa akija na kurudi bila kuketi. Alikwenda kwake, akarudi na kanga yake ya akina mama wa kanisani, ile moja, bado na mikunjo ya dukani. Akaitandaza. Jina lake: MUNGU YU PAMOJA NAMI.

"Kateni la mwisho," alisema.

"Mwalimu, hii ulisema haikatwi," akasema Sabra.

"Nilisema. Wewe ulisema tulete tunayoipenda. Mimi nilileta vitambaa vya mawe."

Sabra aliuchukua ule mkasi aliofuata. Alikata neno moja, polepole, akaacha ukingo wa kukunja. Mwajuma akaliweka kwenye kona ya njano, akalibana kwa pini.

WIFI HUCHOKI KULA NAMI.

Walisoma mmoja mmoja. Sabra alisoma mara mbili, niliona midomo.

"Sasa ni nani anasema na nani?" akauliza Raheli, ambaye sasa anasoma kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa sukari.

"Yeyote," alisema Mwajuma. "Nipe uzi."

Jumatano, 13 Desemba

Sabra amesema kimebaki kukunja kingo. Amelala kwenye mkeka wiki hii. Kitanda chake bado kina pambo. Ripoti kwa Gaudensi: Kingo.

Jumamosi, 16 Desemba. Mtwara mjini

Kikundi cha Msimbati kimeshinda, amesema Gaudensi saa nane mchana, baada ya kamati kuketi kwa muda uliotosha watu wote nje kugombana na kupatana tena kuhusu nani alikanyaga pembe ya pambo wakati wa kulitundika.

Kazi ya kikundi kingine ilikuwa nzuri: maua, mishono sawa, haina kasoro. Yetu ilikuwa na ile mistari ya maji, na wanawake watano wameinama bila kumtazama mtu. Walioingia ukumbini walianza kwa picha. Baadaye wakaanza kuzunguka wamepinda shingo, wakisoma. Sabra alikuwa amesema maneno yasiseme kitu. Nilimtazama. Hakulalamika.

Gaudensi alifika kwenye kona ya chini. Ni mtu wa kusoma kwa sauti.

"Wifi, huchoki kula nami." Akageuka. "Hii nimeipenda. Wifi ni nani hapa?"

"Mimi," walisema wote wawili.

Baadaye uani, Sabra alipelekwa kukiona chumba. Ni kidogo, kina dirisha moja na kitasa cha kuzungusha mara mbili. Alikizungusha. Alikizungusha tena. Mwajuma alisimama nje amekumbatia mfuko uliotumika kubebea pambo.

"Kichukue," alisema. "Ila Ijumaa uje kula. Na usiniletee kanga, nitaikata."

"Nitakuja. Na wewe ukija mjini?"

"Nikija nitabisha."

"Ukibisha sifungui. Nimekwisha kukuambia, chumvi sikopeshi." Kisha Sabra akamwita Gaudensi, akamuuliza kama kuna ufunguo wa pili.

Gaudensi amesema upo. Funguo zote mbili zinakabidhiwa Jumatatu, tarehe 18 Desemba, saa tatu asubuhi. Ismaili ataleta kitanda.